Mwenyekiti Aliposimama

Meja aliingia kachelewa, na mwenyekiti akasimama.

Halikuwa gwaride. Ilikuwa Jumapili asubuhi, katika darasa la chuo cha Kurani hapa Machomane, Chake Chake. Mabenchi ni ya watoto, kwa hiyo wazee walikaa magoti yakikaribia videvu. Wote ni wanajeshi wastaafu wanaotaka kusajili jumuiya yao. Mimi niliitwa na ami yangu niandike muhutasari kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe una kompyuta na Jumapili huna la kufanya."

Kwenye karatasi ya mahudhurio nilichora safu tatu: jina, simu, saini. Iliporudi mikononi mwangu, safu ya jina ilikuwa imejaa tarakimu. Kwanza nambari ya jeshi, kisha cheo, mwisho jina. Hakuna aliyewaambia waandike hivyo. Mzee mmoja aliyehitaji mjukuu wake amtajie nambari ya simu, nambari ya jeshi aliiandika moja kwa moja bila kuinua kalamu.

Mwenyekiti ni sajini mstaafu, fundi wa magari enzi zake, mtu wa maneno makavu. Walimchagua kwa kura kikao cha nyuma kwa ajili ya ulimi wake huo. Alikuwa katikati ya hoja: wenzao wawili wamekokotolewa kiinua mgongo kwa miaka pungufu, ofisi inayohusika imekaa kimya, na barua iandikwe leo hii hii, isainiwe, ipelekwe. Wajumbe walikuwa wanaitikia kwa vichwa.

Ndipo akaingia yule meja, naye mstaafu wa siku nyingi, kanzu nyeupe na kofia yake ya viua, bakora mkononi. Mwenyekiti alikata sentensi. Akasimama. Darasa zima likasimama.

"Karibu afande. Una maelekezo?"

Meja mwenyewe aliona haya. Akapunga mkono, "Kaeni, kaeni bwana, mwenyekiti ni wewe." Watu wakacheka, kikao kikaendelea. Lakini barua haikuandikwa siku ile. Iliamuliwa kwamba "afande aipitie kwanza."

Meja hakuomba aipitie.

## Si woga

Wiki kadhaa jambo hili halikunitoka kichwani. Mwanzo nililichukulia kama kichekesho, nikamsimulia rafiki yangu mmoja mwalimu, akacheka mpaka kahawa ikampalia. Baadaye likaanza kunikera.

Sajini yule si mwoga. Mimi namjua, ameshamjibu sheha hadharani, na ameshawahi kusimama msikitini kuuliza fedha za bomba zimekwenda wapi. Wala meja hana la kumfanya. Hawezi kumfunga, hawezi kumkata mshahara, hawezi kumhamishia mpakani. Wote wawili wanalipwa pensheni, wote wanapanga foleni moja benki. Mwili tu ndio uliosimama. Miaka ishirini na zaidi ya kusimama haiishi kwa siku unayorudisha sare.

Basi nikajiuliza: ikiwa hali ni hii kwa waliokwishatoka, kwa walio ndani inakuwaje? Mwanajeshi aliye kazini anaweza vipi kuongoza jumuiya inayosema kwa niaba ya wenzake, huku anayetakiwa kuambiwa ni mkubwa wake, na mkubwa huyo ndiye anayesaini likizo yake?

Kwetu swali hili halina pa kuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile ya Bara iliyofafanua haki ya wafanyakazi kuunda vyama, mapema kabisa inawaweka kando wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haikuvunja mkataba wowote. Mkataba nambari 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000, katika ibara ya 9 unaiachia kila nchi iamue haki hizo ziwafikie wanajeshi na polisi kwa kiasi gani. Kuna nchi zilizoamua kiasi hicho ni sifuri. Marekani, pamoja na kelele zake zote za uhuru, ilitunga sheria mwaka 1978 kupiga marufuku vyama vya wafanyakazi jeshini.

Kwa hiyo hatuko peke yetu. Lakini wako waliofanya vingine, na nilichokuwa nakitafuta kwao kilikuwa kidogo sana: mwenyekiti wao anakaaje kwenye kiti?

## Kanali anayemsema waziri

Ujerumani jeshi lake la sasa liliundwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata tu, 1956, wanajeshi wakaanzisha jumuiya yao, Deutscher BundeswehrVerband. Leo ina wanachama zaidi ya 200,000, ndani yake wakiwemo walio kazini na wastaafu. Haina haki ya kugoma na haijaidai. Inaendeshwa kwa michango ya wanachama.

Mwaka 2013 uongozi wake ulichukuliwa na André Wüstner. Ni kanali. Hakuvua sare ndipo apate ruhusa ya kusema. Alichaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu akiwa mwanajeshi kamili, akaachiwa shughuli za kikosini afanye kazi ya jumuiya. Watu wa kule wamemzoea kwenye televisheni akieleza kwamba vifaa havitoshi, kambi zimechakaa, wizara inasuasua. Asubuhi yake anaamka bado ni kanali, na waziri bado ni mkubwa wa jeshi zima.

Nilipoanza kusoma habari zake nilifurahi. Kumbe inawezekana! Kisha nikawatazama waliomtangulia. Ulrich Kirsch, afisa wa ngazi za juu. Bernhard Gertz kabla yake, kanali.

Hapo nikatabasamu peke yangu. Jumuiya ni ya wote, kuanzia askari wa chini kabisa hadi jenerali, lakini kiti kikubwa kimezoea mabega yenye nyota. Sisemi ni njama. Ni kura, na kura zilipigwa kihalali. Ila nadhani hata Wajerumani, kwa namna yao, walikwishalijua tatizo la darasa la Machomane: ukimweka sajini mbele, kuna siku ataingia meja. Dawa yao ikawa kumweka mbele mtu ambaye wachache sana wakiingia itambidi asimame.

Ireland walifanya kinyume. Sheria yao ya mwaka 1990 ilizaa jumuiya mbili: RACO ya maafisa na PDFORRA ya wengine wote, askari, makoplo, masajini. Maafisa wana chumba chao na wasio maafisa wana chao. Sajini akiongoza kikao cha PDFORRA, meja hana mlango wa kuingilia.

Kwangu mimi hii ndiyo busara zaidi, ingawa kuna kinachonichoma ndani yake. Ni kukubali kwamba cheo hakitoki mwilini, basi tujenge ukuta.

Afrika Kusini nao wana njia ya tatu. Chama chao, SANDU, kwa miaka mingi kimesemewa na katibu wake wa kitaifa, Pikkie Greeff, ambaye ni mwanasheria. Ukimsikiliza akizungumza na waandishi unamsikia wakili anayemsemea mteja wake. Anayesimama mbele ya jenerali si mtu anayesubiri kupandishwa cheo na jenerali huyo.

## Januari ile

Mtu yeyote wa visiwa hivi akisikia "wanajeshi wanadai" na "Januari 1964" pamoja, masikio humsimama. Sisi tuna tarehe 12 yetu. Siku nane baadaye, tarehe 20, ng'ambo ya pili, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliwafungia maafisa wao wa Kiingereza na kuingia Dar es Salaam. Siku iliyofuata ikawa Tabora. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza walitua Colito kutoka meli ya HMS Centaur, na yakaisha. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo ikazaliwa JWTZ, jeshi la sasa.

Walichokuwa wanakitaka kinajulikana: mshahara, na maafisa wa Kiingereza waondoke Waafrika washike nafasi. Nchi ilikuwa huru tangu 1961.

Sitetei uasi. Nilitaka tu kuona nini kilifanyika baada ya pale, kwa sababu shuleni tulisoma kwamba jeshi lilivunjwa, tukageuza ukurasa.

Kilichofanyika ni hiki. Viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao, TFL, likavunjwa, mahali pake ikawekwa NUTA chini ya mkono wa serikali. Na wanajeshi wakafunguliwa mlango wa TANU. Yaani mwanajeshi aliruhusiwa kuwa mwanachama, tawi la chama likaingia kambini. Jibu la Mwalimu Nyerere kwa swali "askari akilalamika amwambie nani?" lilikuwa: akiambie chama.

Unaweza kulipenda jibu hilo au kulichukia. Lakini lilikuwa jibu.

Mwaka 1992 ulipokuja mfumo wa vyama vingi, mlango ule ukafungwa, na ilikuwa haki ufungwe. Jeshi lenye kadi ya chama katika nchi ya vyama vingi ni hatari ambayo Mzanzibari hahitaji kuelezwa. Kadi zikarudishwa. Kikabaki kile ambacho majeshi yote yanacho, malalamiko yanayopanda ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na mkubwa anayeweza kuyasimamisha pale pale.

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka. Nilianza nikidhani kwamba Tanzania haijawahi kumpa askari mtu wa kumsemea. Imewahi. Tulimpa chama cha siasa kwa muda wa karibu miaka thelathini, tukamnyang'anya kwa sababu nzuri, na mahali pake hatukuweka kitu.

## Hofu yangu

Sasa niseme linalonirudisha nyuma, maana naona nimeanza kuandika kama mtu aliyekwishaamua.

Zanzibar hata timu ya mpira inaulizwa ni ya nani. Jumuiya ya wakulima wa mwani ikipata boti mpya, watu wanahesabu mwenyekiti anahudhuria mikutano ya nani. Hebu fikiria jumuiya huru ya wanajeshi, au ya askari wa vikosi vyetu, KMKM, JKU, KVZ, Chuo cha Mafunzo, Zimamoto. Mwenyekiti wake akisema nyumba za askari zinavuja, upande mmoja utamwita msaliti na upande wa pili utamvisha shada la maua. Mwaka wa uchaguzi shada ni baya kuliko tusi. Huru maana yake awe mbali na wizara, ndiyo, lakini pia awe mbali na wale wanaomshangilia kwa sababu zao.

Na yako yaliyotokea Pretoria. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilishawapa wanajeshi ushindi mkubwa mwaka 1999. Jaji Kate O'Regan aliandika kwamba mwanajeshi, ingawa si mwajiriwa wa kawaida, anaingia katika neno "mfanyakazi" la Katiba, na kumkataza kabisa kujiunga na chama cha wafanyakazi au kushiriki maandamano ni kuvuka mpaka. Miaka kumi ikapita. Tarehe 26 Agosti 2009, wanajeshi wenye hasira za mishahara walikusanyika Union Buildings, makao ya serikali, ingawa mahakama ilikuwa imezuia maandamano. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi za mpira. Polisi wakiwafyatulia wanajeshi, mchana kweupe. Serikali ikataka kuwafukuza zaidi ya elfu moja, kesi zikaenda miaka.

Mpinzani wa jumuiya hizi akiniwekea picha hiyo mezani, sina jibu la haraka. Naweza kumwambia kwamba baada ya pale serikali iliunda tume ya kuangalia mishahara na mazingira ya kazi jeshini, jambo ambalo lingefaa kuwepo kabla ya mabomu. Naweza kumwambia kwamba Colito hapakuwa na jumuiya yoyote na bado yalitokea yaliyotokea. Lakini kumtoa hofu kabisa siwezi, kwa sababu na mimi ninayo.

Kinachonifanya nisimame upande niliosimama ni Mfaransa mmoja, Jean-Hugues Matelly, afisa wa jandamari, kikosi cha kijeshi kinachofanya kazi ya polisi. Alijiunga na jumuiya iliyokuwa ikijadili mambo ya kikosi chake, wakubwa wakamwamuru ajitoe. Akajitoa. Hakupiga kelele barabarani, hakubeba silaha, alitii amri kama afisa, kisha akaenda mahakamani. Tarehe 2 Oktoba 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba nchi inaweza kuwawekea wanajeshi mipaka, hata mikali, lakini haiwezi kuwakataza kabisa kuunda jumuiya ya kutetea maslahi yao. Julai 2015 Bunge la Ufaransa likabadilisha sheria.

Alitii na akadai kwa wakati mmoja. Sikujua kama hilo linawezekana mpaka nilipomsoma.

## Wake zao

Kuna sehemu ya habari ya Ireland niliyoiruka makusudi.

Ile sheria ya 1990 haikushuka mbinguni. Mishahara ilikuwa midogo, na wanajeshi wenyewe walifungwa midomo na kanuni. Waliosema walikuwa wake zao. Waliunda jumuiya mwaka 1988, wakaandamana, na katika uchaguzi mkuu wa 1989 wakasimamisha wagombea. Amri ya jeshi haimfiki mke. Serikali ikaunda tume chini ya mwanasheria Dermot Gleeson, ikafuata sheria, zikafuata jumuiya mbili.

Nilimsimulia habari hii mke wa ami yangu, ambaye sisi watoto wote wa nyumba tunamwita Mama Mkubwa. Alikuwa anachambua mchele ukumbini, ungo mapajani, miwani puani. Nilitarajia ashangae.

"Sasa ajabu iko wapi?" akaniuliza. "Sisi tulikuwa tunakwenda."

Wapi?

"Kwa kamanda. Tulipokuwa kambini huko Bara, maji yalikatika, tukawa tunateka mbali na watoto mgongoni. Waume zetu kila mmoja anasema nitamwambia mkubwa wangu, mkubwa anasema nitamwambia wa juu. Tukachoka. Tukakusanyana wanawake, tukaenda ofisini kwa miguu."

Nikamwuliza kama hawakuogopa. Akaniambia waliogopa sana, si kwa ajili yao, kwa ajili ya waume. Mwanamke akisema vibaya, mumewe anaweza kupangiwa lindo la usiku mwezi mzima, au akatajwa jina kwenye uhamisho. Kwa hiyo walikaa usiku mmoja nyumbani kwa mmoja wao, taa imepunguzwa, kuamua nani atazungumza. Walikuwepo wasomi, alikuwepo mwalimu, alikuwepo mke wa afisa mwenye sauti nzuri. Wote hawakuchaguliwa.

"Tulimchagua mke wa koplo mmoja, mwanamke mkimya, hata kusoma hajui vizuri."

Kwa nini yeye?

Akanitazama juu ya miwani kama vile nimeuliza mchele unapikwa na nini.

"Mumewe alikuwa anastaafu mwezi ule. Barua yake ilishatoka. Wangemfanya nini?"

Maji yalirudi?

"Yalirudi. Yule mwanamke akaondoka na mumewe, wakaenda kwao Mtwara. Mabomba yalipoharibika tena tukatafuta mwengine, na safari hiyo hakukuwa na anayestaafu."

Akaurudisha ungo mapajani. Nikasubiri amalizie, na yeye akawa ananisubiri niondoke mwangani.

"Kwa hiyo mlifanyaje?"

"Tuliteka maji," akasema.